Malengelenge ya sehemu za siri: tunayoambiana mwaloni na ukweli wake

Mara ya kwanza nilidhani ni kaptula mbichi. Ukikesha kwenye mtumbwi wa dagaa, maji yamekulowesha hadi kiunoni, kuchubuka ni kawaida. Vikatoka vipele vya maji, vidogo, vimesongamana mahali pamoja. Vikapasuka, vikawa vidonda vinavyochoma kila nikikojoa. Mwenzangu wa kambini akafungua kidonge cha rangi mbili, akanipa ule unga ninyunyizie. Wiki mbili baadaye vikakauka, nikamshukuru sana.

"Nilipaka, nikapona." Vidonda hivi hukauka vyenyewe hata usipopaka kitu. Vinaletwa na kirusi cha herpesi, na dawa za bakteria, iwe unga wa kidonge au sindano ya penisilini, hazikigusi. Ngozi ikishafunga, kirusi hurudi kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, kinajibanza huko. Baadaye hushuka tena, mara nyingi palepale. Miaka minne nililaumu mtumbwi na sabuni, mpaka tabibu wa zahanati aliponiangalia vidonda vikiwa bado vibichi. Nenda vikiwa vibichi, usisubiri vikauke. Na upimwe magonjwa mengine ya zinaa pia, kwa sababu kaswende na pangusa nazo hutoa vidonda, na hizo zina dawa ya kuziponya kabisa.

"Ni maji ya ziwa." Ziwani utapata kichocho. Herpesi hupita ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana. Hata kile kidonda cha homa kwenye mdomo huletwa na kirusi ndugu yake, na mtu anaweza kukipeleka sehemu za siri kwa mdomo.

"Kama hakuna kidonda, siambukizi." Hapa naomba tuelewane vizuri, ndugu zangu, maana hili ndilo lililoniponza. Kirusi hutoka kwenye ngozi siku nyingine bila kuacha alama yoyote. Ndiyo maana wengi huambukizwa na mtu ambaye hata yeye hajui kama anacho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na herpesi ya aina ya pili, ile inayokaa zaidi sehemu za siri. Wengi wao hawana dalili, au wana dalili ndogo wanazoziita muwasho.

Mimi mwili wangu nimeujua. Tunavua giza, mbalamwezi ikitoka tunarudi nyumbani. Uchovu na kukosa usingizi huwa vinaniamshia ugonjwa, kwa hiyo mara nyingi unaanza siku zilezile ninazorudi kwa mke wangu. Kwanza nasikia kuchonyota na ganzi kwenye paja, saa chache kabla kipele hakijaonekana. Hiyo ndiyo saa ya kuanza asaiklovia niliyoandikiwa, na ndiyo saa ya kuacha tendo mpaka ngozi ifunge kabisa. Dawa haikiondoi kirusi, ila inafupisha mateso. Vikikurudia mara kwa mara, tabibu anaweza kukuandikia ya kumeza kila siku, na hiyo hupunguza pia uwezekano wa kumwambukiza mwenzako. Kondomu inasaidia sana, lakini haifuniki korodani wala paja.

"Nimetahiriwa, sipati." Utafiti wa Rakai, ng'ambo ya ziwa kule Uganda, uliochapishwa 2009, ulionyesha tohara hupunguza maambukizi kwa asilimia 28. Zilizobaki bado ni nyingi.

"Herpesi ndiyo Ukimwi wenyewe." Ni virusi viwili tofauti. Ila mwenye herpesi ya aina ya pili anakaribia mara tatu ya hatari ya kupata VVU akikutana navyo. Na asaiklovia haizibi mlango huo: kanda yetu hii ya Ziwa, Tanzania, wanawake 821 walishiriki utafiti uliotoa majibu 2008, na waliomeza dawa hiyo kila siku hawakukingwa na VVU kuliko wenzao ambao hawakuimeza. Pima VVU, tumia kondomu.

"Mke wangu ndiye kaniletea." Huwezi kujua. Kirusi hukaa mwilini hata miaka kabla ya kidonda cha kwanza, na ndoa zimevunjika kwa hesabu hiyo ya uongo.

Nilimwambia mke wangu usiku mmoja wa mbalamwezi, watoto wamelala. Nilimweleza pia jambo ambalo tabibu alilisisitiza: mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho ya ujauzito, mtoto anaweza kukipata kirusi wakati wa kuzaliwa, na kwa kichanga ni ugonjwa wa kuua. Alinyamaza muda mrefu. Alipopata mimba mwaka uliofuata, tulikwenda kliniki wote wawili, na yeye ndiye aliyemweleza mkunga kabla mimi sijafungua mdomo.