Asali "mbichi" ni asali gani hasa?

Wiki hii nimemsikia tena muuza asali akiisifia chupa yake: "Hii ni mbichi kabisa." Alimaanisha haijapashwa moto. Lakini juu ya chupa palikuwa na povu, na kifuniko kilipofunguliwa harufu ya uchachu ikatoka. Asali ile ilikuwa mbichi kweli, ila si kwa maana aliyoikusudia.

Asali ni mbochi, yaani yale majimaji matamu ya ua, ambayo nyuki ameyabadili kwa vimeng'enya vya mwilini mwake na kuyakausha. Mbochi huingia mzingani ikiwa na maji mengi sana. Nyuki huipepea kwa mabawa mpaka maji yafikie kama asilimia 18, ndipo huziba tundu la sega kwa nta. Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, inataka maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi, hamira za asili zilizomo huamka na asali huchacha.

Tabu inaanzia kwenye neno. Kivumishi -bichi kina vinyume zaidi ya kimoja. Nyama mbichi haijapikwa. Embe bichi halijaiva. Kuni mbichi hazijakauka. Muuzaji anafikiria nyama; mfugaji nyuki akisema asali mbichi anafikiria embe na kuni, yaani asali iliyolinwa kabla nyuki hawajamaliza kazi. Moja ni sifa, nyingine ni kasoro, na zote zimebeba jina moja! Hata Waganda huita asali *omubisi gw'enjuki*, maji ya nyuki, na hilo *omubisi* linatokana na -bisi, ndugu wa -bichi yetu. Unyevu umo ndani ya neno hili tangu zamani, kwa hiyo simlaumu anayelichanganya.

Wala kuiva kwa asali hakutegemei nyuki peke yao. Chukua Tabora, kwenye misitu ya miombo. Miti kama mtundu huchanua kabla ya mvua, na asali yake hulinwa kiasi kidogo mwishoni mwa mwaka, wakati hewa imeshaanza kubeba unyevu. Msimu mkubwa huja mvua zikishakatika, kuanzia Mei hivi, na hewa kavu humsaidia nyuki kukausha. Mlinaji yuleyule na mzinga uleule wa gome wanaweza kutoa asali mbili tofauti ndani ya mwaka mmoja. Anayelina kwa pupa, masega yakiwa bado wazi, hupata mbichi hata kiangazi. Na iliyoiva vizuri, ukiiacha wazi Tanga au Dar es Salaam wakati wa masika, hunywa unyevu wa hewa na kurudi nyuma.

Ua nalo lina lake. Asali ya alizeti ina glukosi nyingi, kwa hiyo huganda upesi, na wengi huitupia lawama ya kutiwa sukari. Yenye fruktosi nyingi hukaa majimaji miezi mingi. Kuganda si ubichi, na wepesi wa kumiminika si peke yake ushahidi wa kuchakachuliwa. Asali ya nyuki wadogo wasiouma, kwa mfano, kwa asili yake ina maji mengi na ukakasi. Hiyo ipimwe kwa kipimo chake.

Kinachoniumiza zaidi ni dawa inayotumika kuficha ubichi: kuchemsha. Moto huua hamira, ndiyo, lakini hupoteza harufu ya ua, hudhoofisha vimeng'enya na kuongeza HMF, kemikali ambayo Codex huiwekea kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za joto. Hapo mnunuzi amekosa vyote viwili, asali iliyoiva na asali isiyopikwa.

Basi ndugu muuzaji, ukimaanisha haijapashwa moto, sema "haijachemshwa". Mbichi tuiachie ile ambayo sega lake halikuwa limezibwa. Nawe mnunuzi, badala ya kuuliza kama ni mbichi, uliza imelinwa mwezi gani na masega yalikuwa yamefunikwa kiasi gani. Mlinaji mwenyewe atakujibu papo hapo.