Kuvua Juu ya Barafu Minnesota: Kabla ya Ndoano, Mtaimbo

Ukiingia duka la vifaa vya uvuvi Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, mwezi Desemba, unaweza kutoka ukiamini kwamba bila hema lenye hita, keekee ya betri na kioo cha sona kinachoonyesha samaki majini huwezi kupata samaki. Si kweli. Bluegill, crappie na perch wa manjano, ambao ndio samaki wa kuanza nao, huvuliwa kwa mshipi uliozungushiwa kipande cha mti. Jambo ambalo halibaniwi hata senti moja ni kupima barafu. Nalisema hili hasa kwa ndugu zetu Wakenya, Watanzania na Wakongo wa huku, kwa kuwa wengi hatukukulia kwenye maziwa yanayoganda.

Barafu mpya iliyo ang'avu na ngumu huhitaji unene wa inchi 4, yaani sentimita 10, ndipo mtu atembee juu yake kwa miguu. Barafu nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, ina karibu nusu ya nguvu hiyo. Hapo subiri inchi 8. Wala usipime mara moja ukaridhika. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri upime upya kila baada ya futi 150, maana ziwa haligandi sawasawa. Penye mlango wa kijito, kando ya magati, kwenye matete na chini ya theluji nzito barafu huwa nyembamba kuliko inavyoonekana. Chukua mtaimbo wenye ncha bapa kama tindo, upige mbele yako unapotembea. Mtaimbo ukipenya kirahisi, geuka urudi kwa nyayo zako.

Kifaa cha pili kitengeneze nyumbani leo hii. Kata vipande viwili vya mpini wa ufagio, kila kimoja kikitosha kushikwa kiganjani. Pigilia msumari mnene kwenye kila kipande, kata kichwa chake, unoe ncha, kisha unganisha vipande hivyo kwa kamba ndefu. Vivae shingoni, juu ya koti. Vikiwa ndani ya begi havina faida yoyote. Ukitumbukia, baridi itakufanya uheme kwa nguvu karibu dakika nzima. Kazi yako wakati huo ni kuweka kichwa juu ya maji tu. Usivue koti, kwa sababu hewa iliyomo hukusaidia kuelea. Geukia upande ulikotokea, ambako barafu ilikuwa imekubeba, choma misumari, piga miguu mpaka ulale kifudifudi, halafu jibiringishe mbali na shimo. Usisimame upesi. Vaa na jaketi la kuokolea, na usiende peke yako.

Sasa samaki. Chukua kijiti cha sentimita 40 hivi, ukate pengo kila mwisho, uzungushie mshipi mwembamba wa nailoni unaohimili uzito wa ratili 4. Funga ndoano ndogo, namba 8 au 10, na chubwi ndogo. Tafuta ya bati, si ya risasi. Ndege wa majini humeza risasi na kufa kwa sumu. Chelezo ni kipande cha kizibo. Upawa wa matundu kutoka jikoni utaondoa vipande vya barafu shimoni, na ndoo ya galoni 5 itabeba vyote kisha iwe kiti. Shimo litoboe kwa keekee ya mkono ya inchi 6. Sheria ya jimbo hairuhusu kipenyo kuzidi inchi 12. Chambo kizuri ni funza wa nta wanaouzwa dukani.

Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo wakati wa baridi yaliyo na joto kidogo hukaa chini. Shusha chubwi mpaka mshipi ulegee, kisha pandisha futi moja. Samaki wa maji baridi hula polepole na mguso wake ni hafifu sana. Aliyevua kwa mshipi wa mkono Lamu au Kilwa, anayesikia samaki kwa ncha ya kidole, atamwahi kabla ya mwenye fimbo ya bei kubwa. Tena mshipi wa mkono hauna vipete vya kupitishia mshipi, kama vya fimbo, vya kujaa barafu. Weka glavu kavu za akiba.

Kuanzia umri wa miaka 16 unahitaji leseni, na juu ya barafu mtu huruhusiwa mishipi miwili. Ukiwasha jiko ndani ya hema, acha tundu la hewa. Gesi ya sumu isiyoonekana, kaboni monoksidi, imeua wavuvi.

Ikifika Machi, tahadhari zaidi. Jua likishaipiga, barafu huoza kwa ndani na kugawanyika vijiti vijiti, hata ikiwa na unene wa inchi 12. Kipimo cha Januari hakitumiki tena.