Kitonga inakutapisha? Soma hii kabla hujapanda meli

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, mvua imekazana Mwanjelwa, hapa Mbeya, na mimi napanga maboksi dukani, akaingia mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye namjua siku nyingi. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa kwenye stuli bila kusema anataka dawa gani. Baada ya muda ndo akafunguka kwamba mtoto wao anayefanya kazi Hispania amewalipia yeye na mzee siku 7 kwenye meli ya kitalii, inatoka Barcelona inapita Marseille, Genoa, Naples na kurudi, zawadi ya miaka 40 ya ndoa. Mzee anafurahi balaa, yeye halali usiku.

"Dokta, mimi kona za mlima Kitonga tu zinanishinda. Nikifika Ruaha Mbuyuni nishamaliza mifuko miwili. Hiyo meli ya siku 7 nitaiweza kweli?"

Mimi ni mfamasia na swali la kutapika safarini naulizwa karibu kila siku, maana sisi wa huku juu hatuna pa kwenda bila kona, ukishuka Kyela kuna kona za Tukuyu, ukienda Dar kuna Kitonga. Ila swali la meli kubwa lilikuwa jipya, na nilivyomjibu nikaona niandike, kwa sababu kati ya yale aliyokuwa anayaamini kuna moja ambalo karibu kila mteja wangu analiamini na ndo linalowaumiza.

Nilimuuliza dawa anakunywaga saa ngapi. Akasema anaiweka kwenye pochi, akianza kusikia mate yanajaa mdomoni ndo anaimeza.

Hapo ndo penye tatizo lenyewe. Na nalijua kwa uchungu kabisa kwa sababu miaka ya nyuma nikiwa bado nasoma famasi nilipanda boti bandari ya Itungi, Ziwa Nyasa, na mama yangu mzazi tunaenda Lupingu kwenye msiba, mwezi wa saba, mwera, ule upepo wa kusini, umekaza. Dawa ninayo mfukoni. Mama akasema ngoja kwanza nione nitakavyokuwa, na mimi nikamsikiliza. Tulipopita usawa wa Matema akaanza kutoka jasho la baridi, uso umekuwa kama majivu, nikampa kidonge na maji. Baada ya kama dakika 40 akatapika kwenye kopo la plastiki nililomshikia na kile kidonge nikakiona, kimelainika pembeni tu lakini bado cha duara, unakitambua. Alitapika mpaka tunashuka, na alishuka amebebwa.

Maelezo yake ni haya. Mwili ukishaanza kuugua mwendo, tumbo linaacha kusukuma vitu kwenda kwenye utumbo, na vidonge vingi vinaingia kwenye damu kupitia utumbo sio kupitia tumbo. Kwa hiyo ukimeza ukiwa tayari una kichefuchefu, kidonge kinakaa tu pale juu kinasubiri kurudishwa. Dawa za safari hazitibu kichefuchefu, zinakizuia. Zinatakiwa ziwe zimeshafika kwenye ubongo kabla chombo hakijaanza kucheza.

Na nasema ubongo, sio tumbo. Watu wengi wanadhani ni chakula, ni gesi, ni harufu ya dizeli, ni woga. Harufu na woga vinaongeza, sikatai, ila mzizi upo sikioni. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya sehemu ya kusikia, kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda yenye majimaji, hii inapima kichwa kikigeuka. Pembeni yake kuna vifuko viwili vyenye utandotando uliobeba vijiwe vidogo sana vya chokaa, chombo kikipanda au kikishuka vile vijiwe vinabaki nyuma kidogo na kuvuta vinyweleo vilivyo chini yake, ubongo unajua tunapanda au tunashuka. Sasa wewe umekaa ndani ya basi au chumba cha meli, macho yanaona kiti, ukuta, simu, vyote vimetulia tuli, sikio linasema tunayumba. Ubongo unapata ripoti mbili zinazopingana na hajui amwamini nani, na huo mgongano ndo unaishia kwenye kutapika. Ushahidi mkubwa wa hili ni wa siku nyingi, mwanazuoni wa Marekani William James aliandika mwaka 1882 kuhusu viziwi, wengi wao waliopoteza kazi ya sikio la ndani, akaona hata bahari haiwasumbui kama sisi. Bila lile sikio hakuna ugonjwa huu.

Ndo maana dereva wa basi hatapiki, yeye anaiona kona na mikono yake ndo inaikata, ubongo wake umeshajua kinachokuja. Ndo maana pia anayesoma meseji kwenye simu anaumwa kabla ya jirani yake anayeangalia nje.

Mama akauliza, mbona bodaboda barabara mbovu inanirusha hivi na sitapiki? Swali zuri kuliko alivyojua. Mrusho wa bodaboda ni wa harakaraka, mara kadhaa kwa sekunde moja, huo unauma mgongo lakini kichefuchefu hauleti. Mwendo mbaya kuliko wote ni ule wa polepole, kupanda na kushuka mara moja kwa sekunde 5 au 6 hivi, hapo ndo binadamu wanatapika kwa wingi na hili limepimwa maabara kwa kuwakalisha watu kwenye vibanda vinavyopandishwa na kushushwa. Kona za Kitonga na zenyewe ni za polepole, huku, halafu huku, halafu huku.

Meli sasa. Chombo majini kina mienendo mingi ila mitatu ndo ya kuijua. Kuna kulala upande huu na upande ule, watu wa pwani wanauita mrama, na ndo huko tulikotoa ule msemo wa mambo kwenda mrama. Kuna kupiga pua, omo (mbele ya chombo) inapanda, tezi (nyuma) inashuka, halafu kinyume. Na kuna meli nzima kunyanyuliwa juu na kushushwa kama lifti, huu wa tatu ndo mchawi mwenyewe kwa kichefuchefu.

Meli kubwa za kitalii zina mapezi mawili au zaidi chini ya maji, yanatoka ubavuni kama mapezi ya samaki na yanageuzwa na mashine kupingana na wimbi, kazi yake ni kupunguza mrama na yanaipunguza kweli, hasa meli ikiwa kwenye mwendo. Ila hayana msaada wa maana kwenye kupiga pua wala kunyanyuliwa. Kinachosaidia huko ni urefu wa chombo. Boti letu la Itungi lilikuwa fupi, na mawimbi ya Nyasa wakati wa mwera ni mafupi na yamesimama, upepo unayasukuma kutoka kusini ziwa zima mpaka yanafika kwetu Kyela na Matema yakiwa yamekomaa, kwa hiyo boti inapanda kila wimbi na kushuka kila wimbi, hairuki hata moja. Hata MV Mbeya II inayobeba abiria 200 ni ndogo ukiiweka mbele ya hayo majumba. Meli ya mita 300 inalala juu ya mawimbi kadhaa kwa wakati mmoja, haya mafupi haiyasikii. Inachosikia ni yale marefu yanayotoka mbali, na kule wanakoenda kuna upepo wao unaitwa Mistral, unashuka kusini mwa Ufaransa mpaka baharini, kati ya Barcelona na Marseille ndo njia yake. Fikiria kama mwera, ila unatoka kaskazini.

Kwa hiyo nikamwambia mama, Kitonga ikikutapisha haimaanishi meli itakutapisha, wewe una sikio jepesi ndo hivyo, lakini meli kubwa siku nyingi inatulia kuliko basi. Siku ya upepo ndo ya kujiandaa.

Halafu nikamuuliza chumba chao kiko wapi. Akampigia mtoto palepale, simu kwenye spika, mtoto anasema amewachukulia chumba kizuri kabisa, juu, mbele, kina baraza, unaiona bahari yote. Nikamwomba aniruhusu niongee na kijana wake. Nikamwambia, chukua rula uiweke juu ya kalamu katikati, uichezeshe, ncha zinapanda na kushuka sana, pale kwenye kalamu hapaendi kokote. Meli ni vilevile. Na ukipanda ghorofa za juu mrama unakuwa mrefu zaidi, kama ncha ya mti kwenye upepo. Wahenga wa pwani walisema enda tezi na omo marejeo ni ngamani, na sisi wa bara tunaikariri shuleni bila kujua ngama ni wapi: ni tumboni mwa chombo, chini. Ukipenda kutulia, rudi huko, chini na katikati. Kijana alielewa fasta, akabadilisha wakawapa ghorofa ya chini karibu na katikati, chenye dirisha, na ikawa bei ndogo kuliko cha mwanzo.

Dirisha usilidharau. Ukianza kujisikia vibaya toka nje au angalia pale bahari inapokutana na mbingu, macho yakiuona ule mstari yanaanza kukubaliana na sikio. Ukishindwa, lala chali na ufumbe macho, kichwa kisichezecheze. Kaa na njaa? Hapana, kula kidogo kikavu, mkate, biskuti, achana na pombe. Tangawizi inawasaidia baadhi ya watu na haina shida, tafuna. Zile bangili za kubana kifundo cha mkono, mimi binafsi siziuzi, ushahidi wake ni dhaifu na sipendi kuchukua hela ya mtu kwa kitu nisichokiamini.

Dawa nitaongea kidogo zaidi kwa sababu ndo kazi yangu. Ya kawaida huku kwetu ni promethazini, wengi mnaijua kama Phenergan, mtu mzima miligramu 25, unaweza kunywa usiku wa kuamkia safari au saa moja mbili kabla ya kuondoka. Inalaza sana, ukiinywa usiendeshe gari wala usichanganye na bia, na mtoto chini ya miaka 2 haipewi kabisa, naomba sana wazazi, kabisa. Sinarizini inalaza kidogo kuliko hiyo, mtu mzima miligramu 30 saa mbili kabla, halafu 15 kila baada ya saa 8 kama bado upo safarini. Kule ulaya kuna plasta ya hayosini inabandikwa nyuma ya sikio saa 5 au 6 kabla na inafanya kazi siku 3.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Watu wanasoma mtandaoni "hayosini" wanakuja kununua Buscopan kwa ajili ya safari. Jina linafanana ila sio dawa ile. Hayosini ya Buscopan imetengenezwa kwa namna ambayo haivuki kuingia kwenye ubongo, inatuliza msokoto wa tumbo basi. Ugonjwa upo kichwani, dawa imebaki tumboni, utatapika na hela imeenda. Hivyohivyo metoklopramidi na ondansetroni, dawa nzuri za kutapika kwa sababu nyingine, kwenye kutapika kwa mwendo hazina msaada wa maana.

Mzee wake tezi dume inamsumbua. Nilimuuliza kwa sababu mama alikuwa anataka anunue za wote wawili, na hizi dawa karibu zote zinaweza kufunga mkojo kwa mzee wa namna hiyo, na ukiwa na presha ya macho vilevile ni hatari, na wazee zinaweza kuwachanganya akili kwa muda. Mzee hajawahi kutapika safarini maisha yake yote. Nikamwambia mama, mzee usimpe kitu. Na wewe nenda na sinarizini, ila kwanza ijaribu siku ukiwa nyumbani uone inakufanyaje, sio kuijaribia baharini.

Na la mwisho nililomwambia ni avumilie siku 2 au 3 za mwanzo, ubongo unajifunza. Unaanza kutegemea ule mwendo, mgongano unaisha. Sio kila mtu lakini, Charles Darwin alikaa na meli ya Beagle kuanzia 1831 mpaka 1836 na bahari ilimsumbua safari nzima.

Walirudi mwezi wa tano. Siku ya Mistral aliijua mapema, kwenye meli walitangaziwa, akameza chake saa mbili kabla, akala mkate, akakaa dirishani akiangalia ule mstari wake. Hajatapika hata mara moja. Ila akanipigia simu usiku wa pili wakiwa nyumbani, sauti ya chini, anasema dokta, nimelala kitandani kwangu mwenyewe Mbeya na kitanda kinaogelea. Nikamwambia mama, hiyo ni kawaida, ubongo ulishajifunza bahari sasa unaisubiri na haiji, kwa watu wengi inaisha kwa siku moja mbili, ikipita mwezi ndo tutafute daktari wa masikio. Alhamisi yake alipita dukani kuninunulia soda, nikamuuliza kitanda je, akasema kimetia nanga.