Shilingi moja hairudishi kumi na tatu

Imeletwa tena. Safari hii kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: picha ya mtoto kavalishwa joho la mahafali ya chekechea, chini yake maandishi mekundu, "Watafiti wa Marekani: ukiwekeza sh. 1 kwa mtoto wa chini ya miaka mitano unarudishiwa sh. 13." Chini kabisa, namba ya simu ya shule na ada ya muhula. Sentensi hiyo nimekutana nayo kwenye warsha, kwenye maandiko ya kuombea fedha za miradi, hata kwenye hotuba za waheshimiwa. Kazi yangu ni uchumi wa elimu, na uvumilivu umeniishia.

Ile 13 ni asilimia. Kwa usahihi zaidi ni 13.7, kiwango cha faida kwa mwaka, kutoka kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na James Heckman (yule wa Nobel ya uchumi ya 2000) na wenzake watatu. Waliangalia programu mbili pacha za malezi ya watoto wadogo zilizoanza miaka ya 1970 katika jimbo la North Carolina, Marekani: Abecedarian na CARE. Utafiti huohuo unasema kila dola 1 ilileta manufaa ya dola 7.3. Mtu fulani akaiona 13, akaliona neno "dola", akavifungisha ndoa, na sisi wengine tukaenda kula pilau bila kuuliza posa ililetwa na nani.

Hata hiyo 7.3 ina masharti. Imepatikana kwa kuyapunguza manufaa ya miaka ijayo kwa asilimia 3 kila mwaka. Mshahara wa mtoto huyu utaanza kuonekana baada ya miaka ishirini, magonjwa aliyoepuka baada ya hamsini. Chukua sh. 100,000 za miaka 30 ijayo: kwa asilimia 3, thamani yake leo ni kama sh. 41,000. Kwa asilimia 10 haifiki sh. 6,000. Hatifungani za muda mrefu za serikali yetu, yaani hati za mkopo ambao serikali inakopa kwa riba, zimewahi kulipa riba inayozidi asilimia 15, kwa hiyo ofisa wa Hazina anayekuuliza kwa nini umetumia asilimia 3 si adui wa watoto. (Usikimbilie kulinganisha 15 na 13.7 pia. Hiyo 13.7 imeshaondolewa mfumuko wa bei, riba ya hatifungani haijaondolewa.)

Sasa tazama fedha zile za North Carolina zilinunua nini. Mtoto alipokelewa akiwa na wiki nane hivi, akalelewa kituoni kutwa nzima, siku tano za wiki, mpaka miaka mitano, na huduma za afya humohumo. Gharama ilizidi dola 18,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, kwa bei za 2014. Faida iliyopimwa ni ya huduma hiyo. Kuimbisha herufi watoto sitini kwenye chumba kimoja hakujapimwa hapo.

Tena, nani anarudishiwa? Sehemu ya faida ni mama aliyepata nafasi ya kufanya kazi. Sehemu ni kipato cha mtoto mwenyewe ukubwani. Kwenye programu nyingine ya Marekani, shule ya awali ya Perry, iliyofanyika Ypsilanti, Michigan, kuanzia 1962, fungu kubwa lilitokana na uhalifu uliopungua, yaani faida ya jirani ambaye hakuibiwa. Ndiyo maana tunasema serikali ichangie: mzazi anayelipa ada hawezi kumtumia jirani ankara.

Ila kinachonikera kuliko vyote ni kusahau kundi linganishi. Faida ya programu ni tofauti kati ya mtoto aliyeipata na jinsi mtoto huyohuyo angekuwa bila hiyo. Watoto wa Perry walichaguliwa kwa sababu walitoka familia maskini na walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili. Mtoto wa Mikocheni mwenye maziwa mezani, vitabu vya hadithi na shangazi anayemjibu kila swali tayari anayo sehemu kubwa ya kile Perry ilichokwenda kukiongeza. Mwongezee joho na Kiingereza saa mbili asubuhi, tofauti inabaki ndogo. Umri peke yake hauzai faida, jamani. Watu wamesikia "mapema" wakadhani maana yake ni kumharakisha.

Ukitaka kuiona tofauti yenyewe, nenda Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, Kingston, watafiti waliandikisha watoto 129 wenye udumavu (wafupi mno kwa umri wao), wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii, saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Mhudumu anaingia na midoli iliyotengenezwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani, anakaa chini na mama na mtoto, wanacheza, wanataja majina ya vitu. Anaondoka akiacha midoli, wiki ijayo anabadilisha. Anayefundishwa hasa ni mama: zungumza naye, mpe nafasi ajibu, msifu. Miaka ishirini baadaye vijana wale walikuwa wanapata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wenye udumavu ambao hawakutembelewa. Wengine waligawiwa maziwa ya lishe peke yake, na hayo hayakuacha alama ya kudumu namna hiyo, jambo linalowanyima raha rafiki zangu wa lishe.

Kwetu Tanzania, takwimu za 2022 zinaonyesha udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Lakini ukifungua mjadala wa elimu ya awali tunahesabu madawati na walioandikishwa.

Mimi mwenyewe sina raha kamili. Perry ilikuwa na watoto 123 tu, na ongezeko lao la alama za akili lilifutika baada ya miaka michache ya shule. Tunaamini kilichobaki ni stadi kama kujizuia na kutokata tamaa. Naamini hivyo pia, ila ushahidi wa njia hiyo ni mwembamba kuliko tunavyousimulia. Kolombia walipopanua mtindo wa Jamaika, matokeo mazuri ya mwanzo hayakuonekana tena miaka miwili baada ya ziara kuisha. Na Tennessee, Marekani, watoto wa familia za kipato cha chini waliopata nafasi ya shule ya awali ya serikali kwa bahati nasibu, walipofika darasa la sita walikuwa nyuma ya waliokosa, kimasomo na kinidhamu. Sina maelezo yanayoniridhisha. Nashuku ni masaa mengi ya kukaa kimya kwenye mstari, lakini ni shaka tu.

Kwa hiyo halmashauri yenye fedha kidogo ikiniuliza, nitasema waanze na mhudumu wa afya ngazi ya jamii na nyumba zenye mtoto wa chini ya miaka miwili, posho yake ilipwe kwa wakati, kisha mwalimu wa pili darasani. Vijiji vya kuanza navyo vipangwe kwa kura. Vikianza vyote siku moja hatutakuwa na cha kulinganisha.