Mpira wa geji ukifa

Wenye Land Rover za zamani, Series IIA na Series III, wakija kwangu hapa Arusha huanza na maneno yaleyale: "Fundi, geji imekufa, nitafutie nyingine." Naichomoa kwenye dashibodi, naiweka mezani, naitazama kwa ubavu kwenye mwanga. Mara nyingi geji ni nzima. Kilichokufa ni uzi wa mpira uliojificha chini ya pete ya kromu, unaokalisha kioo mahali pake.

Ukiung'oa utaona umekuwa mgumu kama biskuti, au umeyeyuka ukawa kama lami. Mpira wa asili hauelewani na jua, joto wala gesi ya ozoni iliyo hewani, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupata vyote vitatu kila siku. Ozoni hupenda zaidi mpira uliovutwa: hapo ndipo nyufa huanzia, zikikata kuvuka mvuto. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mpira ukishapasuka, vumbi lina njia. Spidomita ya kebo, yaani geji ya mwendo, ina sumaku inayozunguka ndani ya kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa. Mzunguko wa sumaku hukiburuta kikombe, na springi nyembamba kama unywele hukizuia. Nafasi kati yao ni ndogo mno. Sasa chukua sumaku yoyote uiburute kwenye mchanga mweusi kandokando ya barabara zetu hizi zilizo chini ya Mlima Meru, uone inavyoota ndevu. Mchanga wa volkeno una chembe za madini ya chuma. Zikiingia kwenye geji zinakwenda moja kwa moja kwenye sumaku, na mshale unaanza kurukaruka.

Lakini usiulaumu mpira kwa kila kitu. Kwenye Series III, geji ya mafuta na ya joto zikipanda pamoja kupita kiasi, tatizo liko kwenye kile kidude nyuma ya dashibodi kinachoshusha umeme hadi wastani wa volti 10, au kwenye ethi yake, pale kinapoungana na bodi ya gari. Hapo hata ukibadilisha mpira mara kumi hupati kitu.

Kazi yenyewe. Ondoa waya wa betri kwanza, kisha ubandike karatasi ya namba kwenye kila waya unaouchomoa. Geji za kampuni ya Smiths zilizo kwenye magari haya zina pete yenye vimeno vilivyokunjwa kuelekea nyuma ya kopo. Pete haing'olewi kwa bisibisi. Inazungushwa mpaka vimeno vikutane na mapengo kwenye mdomo wa kopo, halafu inatoka yenyewe. Ikigoma, ipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, uizungushe kwa viganja viwili huku umeifunika kitambaa kikavu. Dawa ya kulainisha kutu iache kabatini. Inatambaa hadi kwenye uso wa namba, na doa lake halitoki.

Mabaki ya mpira yakwangue kwa kijiti cha meno. Kioo kioshe mbali na geji, kwa maji ya sabuni. Vumbi lililo usoni lipulize kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, maana mate yanaacha alama. Mshale usiuguse hata kama unakuomba. Na kama namba zimepakwa ile rangi ya zamani ya kung'aa gizani, hasa geji ya gari la jeshi, usikwangue chochote: baadhi ya rangi hizo zilikuwa na radiamu, ambayo hutoa mionzi hatari.

Sasa mpira mpya, na hapa ndipo wengi wanakosea. Usipime ule wa zamani, umeshabonyea miaka arobaini. Mimi nachukua plastisini ya watoto, nafinyanga punje tatu, nazipanga chini ya kioo, nafunga pete, nafungua tena, napima unene wa punje kwa kipimio cha vernia. Nikipata milimita 1.6, nanunua uzi wa mpira wa milimita 2, ili ubonyee kama sehemu moja ya tano. Ukitia wa milimita 3 kwa nia ya "kuikaza vizuri", pete haitazunguka, na ukiilazimisha vimeno vitakatika. Pete nyingine hutaipata kirahisi.

Uzi huo unapatikana kwenye maduka ya oringi na mipira ya haidroliki. Muuzaji atakupa mpira wa nitrili, kwa sababu ndiyo anayouza kila siku. Nitrili ni hodari kwenye oili lakini dhaifu kwa ozoni na jua. Omba EPDM, aina inayotumika kwenye mipira ya milango ya magari. Hiyo huvumilia jua, ila usiiguse kwa grisi. Kwa ule mpira bapa unaokaa kati ya geji na dashibodi, tyubu ya zamani ya gari inafaa kabisa. Nyingi ni za mpira wa butili, na butili haizeeki haraka. Ioshe tu unga wake mweupe.

Kata ncha za uzi kwa mshazari, ziunganishe kwa tone moja la supaglu, uache likauke nje, maana mvuke wake hukiachia kioo ukungu mweupe. Na usiuvute uzi ili ufike. Uliovutwa utarudi, kiungo kitaachana, na ozoni itamalizia kazi. Afadhali uzidi milimita mbili, ukae kwa kusukumwa.

Nikiri kosa langu. Nilipoanza kazi hii niliona mpira ni usumbufu, nikaziba geji nzima kwa silikoni ya bomba, ile inayonuka siki. Nikajisifu haitaingia hata pumzi. Baada ya masika mzee mwenye gari akarudi: kioo kimejaa matone kwa ndani na vichwa vya nyaya vimeota kijani. Asidi ya silikoni ilikula shaba, na unyevu niliofungia ndani haukuwa na pa kutokea. Geji si nyambizi. Kopo lina matundu ya balbu nyuma, na lazima lipumue huko. Kazi ya mpira ni kuzuia vumbi na maji mbele, na kukizuia kioo kisigongane na chuma.

Unaporudisha kebo ya spidomita, acha inchi chache za juu bila grisi, kwani grisi hupanda na kebo hadi ndani. Lakini kabla ya hapo, zima taa za chumba na uingize tochi ndogo kwenye tundu la balbu. Ukiona uzi wa mwanga kando ya pete, fungua tena.