Gesi ya Msimbati haiingii kwenye mtungi wa jikoni

Kijiweni Mikindani, Mtwara, swali hili haliishi: gesi inachimbwa hapo Msimbati tu, mbona mama muuza mihogo ananunua mtungi uliotoka Dar? Manung'uniko yana haki yake, ila yamebeba dhana potofu kwamba gesi zote ni moja.

Gesi hiyo ya Msimbati, ya eneo liitwalo Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, karibu yote ni methani: kaboni moja, hidrojeni nne. Ya mtungi ni propani na butani, zenye kaboni tatu na nne. Tikisa mtungi uliojaa usikie kitu kikicheza ndani kama maji. Ndizo hizo, zimebanwa zikawa kimiminika, ndiyo maana mtungi mdogo unapika siku nyingi. Methani, kwa joto letu hili, ibane utakavyo haigeuki kimiminika. Kuisafirisha, ama uipoze hadi nyuzi 161 chini ya sifuri, ama uipitishe kwenye bomba, ama uishindilie kwenye mitungi minene kama ile ya magari, kwa mgandamizo wa karibu mara 200 ya hewa ya kawaida. Mtungi wa jikoni hauuwezi mzigo huo.

Wengine husema gesi ya mtungi ikivuja fungua dirisha la juu itoke. Methani hupaa kweli, lakini ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Fungua mlango. Na ile harufu ya kuoza si yake, imetiwa makusudi ili uishtukie.

Utasikia pia: "Petroli na mafuta ya taa ni ndugu." Ndugu ndiyo, tabia mbalimbali. Petroli ina kaboni 4 hadi 12 hivi, nyepesi, mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa husubiri joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Koroboi iliyochanganyiwa petroli ni bomu mezani.

Vijana wa bodaboda nao huamini petroli yenye namba kubwa ya oktani ndiyo mbio. Namba hiyo hupima uvumilivu tu, petroli isijiwakie yenyewe kabla moto ulioanzishwa na plagi haujaifikia, injini ikagonga.

Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani. "Haya mwanangu, nimeelewa, inataka bomba. Sasa hilo bomba kwa mama mihogo linafika lini?"