Kitabu cha picha na kitabu chenye picha

Kitabu cha picha ni kitabu ambacho maneno na picha vinasimulia kwa pamoja, kiasi kwamba ukiondoa kimojawapo masimulizi yanavunjika. Kwa kawaida ni kifupi, kwa kawaida kinasomwa na mtu mzima na mtoto wakiwa wamekaa pamoja, na mara nyingi kina kurasa 32. Ufafanuzi ni huo, na sina la kuuongezea. Ninalotaka kulisema ni kuhusu vitabu ambavyo vinaitwa jina hilo wakati havistahili, na kuhusu hasara tunayoipata kwa kuviita hivyo.

Kila yanapokuja maonyesho ya vitabu, na kila wazazi wanapotumiana matangazo kwenye makundi ya WhatsApp, naona maneno yaleyale: vitabu vya picha vya wanamichezo mashuhuri, vitabu vya picha vya mashujaa wetu, vitabu vya picha vya wanamuziki wa Afrika. Ukifungua, ukurasa wa kushoto una aya nne zilizobanana zenye mwaka wa kuzaliwa, kijiji, shule na medali. Ukurasa wa kulia una sura ya mhusika akitabasamu. Ukigeuza, kuna aya nyingine nne na sura ileile, safari hii imeshika kombe. Mtoto wa miaka mitano hutazama zile sura dakika moja, akamaliza. Maneno yote yaliyobaki hayamhusu, na picha hazina la kumwambia zaidi ya kwamba mtu huyu alikuwa na uso.

Hicho ni kitabu chenye picha. Sarufi yetu inatutenganishia mambo haya vizuri kuliko lugha nyingi, ila hatuitumii. Nyumba ya mawe imejengwa kwa mawe, na ukiyatoa mawe huna nyumba. Nyumba yenye mapazia ni nyumba iliyokwisha kusimama, ikatundikwa mapazia, na siku yakienda kufuliwa watu wanaendelea kulala ndani. Kitabu cha picha ni cha namna ya kwanza. Kitabu chenye picha ni cha namna ya pili.

Nakubali kwamba kile kiunganishi "cha" kinabeba mizigo mingi. Kitabu cha hisabati ni kitabu kinachohusu hisabati, kitabu cha Asha ni mali ya Asha, na katika nyumba nyingi kitabu cha picha ni albamu ya harusi inayotolewa kabatini mgeni akija. Kwa hiyo simlaumu anayechanganya. Neno picha lenyewe ni geni la Kiingereza. Kabla halijatawala, neno sanamu lilibeba kilichochongwa na kilichochorwa pia. Hata kuchora kulianzia kwenye kutia alama kwa kukata, mkono unapita na chombo chenye ncha juu ya mti au jiwe. Na tuna neno jingine la pwani, nakshi, ambalo kila aliyewahi kusimama mbele ya mlango wa Lamu au Mji Mkongwe analijua. Nakshi ni pambo. Mlango bila nakshi bado unafungwa na kufunguliwa. Hapo ndipo ninapoona tatizo letu lote: wachapishaji wengi huiweka picha ya kitabu cha mtoto kwenye daraja la nakshi. Mwandishi anamaliza, mhariri anapitisha, kisha mchoraji anaitwa na kuambiwa, tuwekee picha kumi.

Tofauti hii ina historia yake, na inafaa kuijua. Watu hupenda kusema kwamba kitabu cha kwanza cha picha cha watoto kilitoka Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1658, kazi ya mwalimu Comenius, Orbis Sensualium Pictus. Ni kitabu cha kuheshimiwa. Kina michoro iliyochapwa kwa mbao zilizochongwa, ya kila kitu duniani, na ndani yake tayari kuna mchezo wa mpira na kuna ala za muziki. Lakini kila mchoro una namba, na kila namba ina neno lake kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Picha ipo ili kufundisha neno. Mimi nakiita kitabu cha kiada chenye picha, tena kizuri.

Kwa maoni yangu mwanzo halisi uko Uingereza, miaka mia mbili na zaidi baadaye. Kuanzia 1878 hadi alipofariki mwaka 1886, Randolph Caldecott alichora vitabu vidogo vya watoto vilivyochapwa na Edmund Evans, mchapaji wa London aliyekuwa bingwa wa rangi. Katika kimoja cha mwaka 1882 Caldecott alichukua wimbo wa watoto wa Kiingereza ambao unaishia pale sahani inapotoroka na kijiko. Maneno yakaisha. Caldecott hakuisha. Akaongeza picha moja isiyo na neno hata moja: sahani imelala chini imevunjika, na kijiko kinaondolewa na wazazi wake, kisu na uma. Wimbo haukusema hivyo. Mtoto anayetazama amepewa habari ambayo msomaji wa maneno hana, na hiyo ndiyo kazi ambayo kwa lugha ya fani ingepaswa kuitwa kitabu cha picha. Si ajabu kwamba wakutubi wa Marekani walipoanza kutoa tuzo ya wachoraji wa vitabu hivi mwaka 1938 waliipa jina lake.

Mfano mkali zaidi ni wa mwaka 1968, Rosie's Walk wa Pat Hutchins. Maandishi yake yote ni sentensi moja: kuku anatembea uani, anazunguka bwawa, anarudi kwa wakati wa chakula cha jioni. Katika picha kuna mbweha anayemnyatia tangu mwanzo hadi mwisho, na kila anaporuka anapata balaa. Maneno hayamtaji mbweha mahali popote. Mama anasoma kwa utulivu, mtoto anapiga kelele. Mtoto asiyejua hata herufi moja ndiye anayejua hadithi.

Sasa tuje kwenye michezo, historia na muziki, kwa sababu hapo ndipo kosa linapoonekana zaidi. Hadithi ya sungura na fisi mtu anaweza kuichora kwa uhuru. Lakini ikifika habari ya kweli, mwandishi anaogopa kuacha kitu, anajaza tarehe, na mchoraji anabaki na sura ya kutabasamu.

Chukua John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City, Mtanzania huyu alianguka, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani, giza likiwa limeshika na watazamaji wengi wakiwa wameondoka. Alimaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa mwisho kati ya waliomaliza. Yote hayo yanaweza kuandikwa kwa aya sita, na mtoto akalala kabla ya aya ya tatu.

Kitabu cha picha kingefanya vingine. Maneno yangeweza kuwa machache kama haya: Anakimbia. Bado anakimbia. Ukurasa baada ya ukurasa jua lingeshuka, kivuli chake kingerefuka, wakimbiaji wengine wangepungua hadi abaki peke yake barabarani. Bendeji ingetokea mguuni bila kutajwa, na mtoto ndiye angeuliza, huyu amefanyaje? Viti vya uwanjani vingejaa katika kurasa za mwanzo na kuwa vitupu mwishoni. Hapa zile kurasa 32 zinaanza kuwa na maana. Karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapa ikikunjwa mara tatu inatoa kurasa 16, karatasi mbili zinatoa 32, na ukitoa jina la kitabu na haki za uchapishaji unabaki na kama jozi kumi na tatu au kumi na nne za kurasa zinazotazamana. Mwandishi wa kitabu cha picha anahesabu mageuzo ya kurasa kama mshairi anavyohesabu mizani. Kitakachofichwa upande wa pili wa karatasi kinapangwa. Aliyeandika aya sita na kuzigawa popote zilipoenea hajapanga lolote.

Kwenye muziki ni vigumu zaidi, kwani karatasi haina sauti. Mwaka 1998 Andrea Davis Pinkney na mumewe Brian Pinkney walitoa kitabu kuhusu Duke Ellington, mwanamuziki wa jazi wa Marekani, na mchoraji akaamua kwamba muziki utaonekana. Michoro imekwanguliwa kwenye ubao wenye tabaka jeusi, na kutoka kwenye ala za bendi zinatiririka mawimbi ya rangi yanayojizungusha hewani juu ya vichwa vya watu. Hakuna sentensi inayoweza kufanya hivyo. Nawaza Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliyezaliwa Fumba, aliyepita mitaani kuuza vyungu akivinadi kwa sauti yake, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Mchoraji angeweza kuifuata ile sauti kama uzi wa rangi moja, kutoka kwenye mnada wa vyungu, kupitia ukumbini, hadi kwenye sahani ya santuri, na maneno yasiguse uzi huo kabisa. Badala yake tunampa mtoto picha moja ya bibi mwenye buibui na aya za wasifu.

Kuna jambo kuhusu historia ambalo halisemwi vya kutosha. Maneno yanaweza kunyamaza, picha haiwezi. Mwandishi anaandika "aliumia goti" na mambo yanakwisha. Mchoraji lazima achague, la kulia au la kushoto. Mwandishi anaandika "Siti alifika mjini". Mchoraji lazima amvike nguo, na mtaa aliouingia lazima uwe na milango, taa na watu waliovaa kama walivyovaa wakati huo, si kama wanavyovaa leo kwenye tamasha. Kila kilichomo kwenye picha ya kitabu cha historia ni dai kuhusu wakati uliopita, na mtoto analiamini kwa sababu ameliona. Mchoraji wa kitabu cha picha ni mtafiti kama mwandishi, na anahitaji muda wa utafiti na malipo ya utafiti. Kumpa wiki moja na orodha ya picha kumi ni kumwomba akisie.

Anayefanya kazi hiyo kwa kina anaweza kusema mengi bila herufi. Katika Mama Miti, kitabu cha mwaka 2010 kilichoandikwa na Donna Jo Napoli kuhusu Wangari Maathai, Mkenya aliyepigania upandaji wa miti, mchoraji Kadir Nelson aliunganisha rangi za mafuta na vipande vya vitambaa vyenye chapa za urembo. Nguo za wanawake, vilima na majani ya miti vimetoka kwenye vitambaa vya aina moja. Mtoto haambiwi kwamba watu na ardhi yao ni kitu kimoja. Anakiona.

Na ni mchoraji huyohuyo anayenisaidia kuondoa dhana kwamba nadharau kitabu chenye picha. Mwaka 2008 Nelson aliandika na kuchora We Are the Ship, historia ya ligi za besiboli za Wamarekani weusi wakati wa ubaguzi. Ni kurasa zinazokaribia 90, maandishi ni marefu, yanasimuliwa kwa sauti ya mchezaji mzee, na michoro yake ni ya hali ya juu kabisa. Ukiondoa michoro, historia inasomeka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo ni kitabu chenye picha, cha watoto wakubwa, na hakipungukiwi na chochote kwa kuitwa hivyo. Hatupangi madaraja hapa. Tunasema tu nani anasimulia.

Katuni ni jambo jingine tena, kwa kuwa zina visanduku na mazungumzo ndani ya mapovu. Kitabu cha kupaka rangi nacho ni kingine. Hivyo sivirefushi.

Kinachoniuma zaidi ni sentensi ninayoisikia kwa wazazi wema kabisa: mwanangu bado yuko kwenye vitabu vya picha, lini ataanza vitabu vya kweli? Mzazi huyo amedanganywa na lile jina. Ameuziwa maandishi yenye sura za kutabasamu, ameona mtoto hazitazami, akahitimisha kwamba picha ni ngazi ya kupandia na kuiacha. Hajawahi kupewa kitabu ambacho mtoto wake asiyejua kusoma angemwonyesha yeye kitu alichokipita. Tanzania wapo wanaovitengeneza. John Kilaka, mchoraji wa mtindo wa Tingatinga, ameandika na kuchora hadithi zake mwenyewe, na mtu anayeandika na kuchora haulizi picha ziwekwe wapi.

Basi ndugu muuzaji, na ndugu mhariri unayeandika maneno ya nyuma ya jalada, ombi langu ni dogo. Kabla hujachapa "kitabu cha picha", funika maandishi kwa kiganja, ukurasa mmoja baada ya mwingine, uone kama bado kuna jambo linatokea. Kisha funika picha, usome maneno peke yake. Ikiwa maneno yamekamilika bila kupungukiwa, andika "chenye picha", kitauzika vilevile. Na ikiwa kweli ni cha picha, jina la mchoraji liwe kwenye jalada, sawa kwa ukubwa na la mwandishi, maana wameandika wote wawili.